Kofia ya Buji Mfukoni Mwangu

Pikipiki mpya ya Papa haina buji, ile plagi ya kuwashia injini. Ni ya umeme. Asubuhi anaitoa uani polepole, bila mlio, na jirani yetu aliyekuwa akilalamika kelele sasa analalamika kwamba amechelewa kazini kwa kukosa kitu cha kumwamsha. Papa akiegesha mahali, anagusa simu yake na simu inamwonyesha kitone cha kijani: iko pale. Basi. Anaweza hata kunywa chai ameipa mgongo.

Jana nilirudi likizo kutoka shule ya bweni, akaja kunichukua kituo cha mabasi cha Kamembe. Tulisimama karibu na soko ili anunue mkate. Aliposhuka, mimi nikanyoosha mkono wangu wa kulia, kiganja juu, bila hata kufikiri. Papa akautazama ule mkono.

"Nini?"

"Hakuna, Papa."

Akacheka kidogo puani, kwa sababu alijua vizuri nilikuwa nangoja nini. Akaingia dukani. Mimi nikaurudisha mkono mfukoni, na mfuko ulikuwa mtupu. Sikutegemea kwamba ningesikitika kwa ajili ya kipande cha mpira mweusi, lakini nilisikitika.

Ile pikipiki ya zamani ilikuwa nyekundu, kama nusu ya pikipiki zote za huku kwetu. Papa ni motari, anabeba abiria kati ya Kamembe na mpakani, na ile ndiyo iliyotulea. Kufuli ya usukani ilikufa kabla mimi sijaanza sekondari. Ufunguo wenyewe ulikuwa umelika meno hadi unaingia popote, na tundu la kuwashia lilikuwa limepanuka hadi linakubali chochote. Siku moja Maman, kwa mchezo, aliwasha kwa ufunguo wa kabati la vyombo. Alicheka mpaka akakaa chini. Papa hakucheka. Tangu siku ile alibuni ulinzi wake mwenyewe, na mimi nilikuwa ndani yake.

Ulinzi ule ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza, hakuegesha kamwe mahali pasipo na mtu. Alitafuta mama anayeuza kitu, yeyote, nyanya, maandazi, sabuni, akaweka pikipiki karibu naye kabisa. Kisha akamsalimia, na si salamu za kupita. Aliuliza nyumba, akauliza batoto, akauliza mgongo kama bado unauma, hata kama ndiyo mara yake ya kwanza kumwona huyo mama na mgongo wake. Halafu akanunua kitu kidogo na kukila palepale mbele yake.

"Ukuta haitapiga kelele," aliniambia. "Ule maman atapiga. Amekwisha kukuona unakula karanga yake, piki yako inakuwa ya kwao."

Sehemu ya pili ilikuwa buji. Aliinama, akavuta kile kipande cha mpira kinachovikwa juu ya buji, akakizungusha mpaka kikatoka kwenye waya wake. Alikiita kofia. Bila kofia ile, piga kiki mpaka kesho, pikipiki haiwaki. Na kofia alinipa mimi. Niliwahi kumuuliza kwa nini asiweke mfukoni mwake.

"Mwizi akitaka kupekua, atanipekua mimi," akasema. "Nani atapekua mutoto mwenye haya?"

Haya nilikuwa nazo kweli. Darasani mwalimu akiita majina, niliinua kidole tu, na mara nyingi aliandika kwamba sikuja. Salamu za Papa na wale mamans zilinifanya nitamani kuingia chini ya tangi la petroli. Lakini kushika kitu bila kusema neno, hiyo kazi niliiweza. Yeye alisalimia, mimi nilishika.

Kila likizo kubwa alichagua siku moja, akaacha jileti, kizibao chake cha kazi ya motari, kwenye msumari nyuma ya mlango, akatangaza: "Leo mimi ni mutalii." Tulivaa helmeti, tukateremka kutoka Kamembe kwenda bonde la Bugarama kutembea tu, bila abiria, bila haraka. Maman, ambaye ni mtu wa Bukavu na anavuka mpaka kila siku na bidhaa zake, alitufungia chapati na kutuonya tusile vya barabarani. Tulikula vyote viwili, ju ya usalama, kama alivyosema Papa.

Nakumbuka jinsi hewa ilivyobadilika tukiteremka. Juu nilivaa sweta. Tukifika kwenye kona za mwisho nilikuwa nimelifunga kiunoni. Nakumbuka amashyuza, chemchemi ya maji ya moto, harufu yake na wazee walioketi ndani wakinyamaza kama wako kanisani. Nakumbuka migomba ya Muganza iliyo karibu na kiwanda cha saruji, majani yake yana rangi ya majivu, na Papa akipiga kelele kupitia helmeti: "Angalia! Hata ndizi zimepakwa plasta!" Alisema hivyo kila mwaka. Mimi nilicheka kila mwaka. Uso wangu ulikuwa nyuma ya mgongo wake na hakuna aliyeniona, labda ndiyo sababu nilikuwa na furaha hivyo.

Sasa, safari ninayotaka kuiandika ni ile ya mwisho kabla sijaenda bweni.

Tulikuwa tumetoka amashyuza, tukasimama Muganza. Papa alimchagua mama wa karanga za kuchemsha aliyeketi mbele ya hangari, ghala la mpunga. Ulikuwa wakati wa mavuno, na pembeni mwa barabara mpunga ulikuwa umetandazwa kwenye mashitingi, yale maturubai ya plastiki, ukikauka, shitingi baada ya shitingi. Papa alisalimia sana. Kofia ya buji ikaingia mfuko wangu wa kulia, na juu yake nikamimina karanga, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imejaa.

Hatukuwa tumemaliza kula, wingu likatoka upande wa Burundi.

Mtu ambaye si wa bonde lile hawezi kujua kinachotokea hapo. Mpunga ukiwa umetandazwa na mvua ikaonekana, hakuna mgeni wala mwenyeji. Waliokuwa wanapita wanashuka, waliokuwa wanakula wanatupa chakula. Mama wa karanga alipiga yowe moja, "Mupunga wee!", na kila mtu akakimbia. Papa alishika koleo. Mimi nilishika pembe ya shitingi na mwanamke nisiyemjua, tukakunja, tukavuta, tukaingiza hangarini. Pikipiki zilizokuwa njiani zilisukumwa na watu wowote waliokuwa karibu, zikarundikwa chini ya baraza ili mpunga upite. Niliona zinasukumwa. Niliona nyekundu, nyekundu, nyeusi, nyekundu.

Mvua ikaanguka mpunga ukiwa karibu wote ndani. Watu walicheka na kupigana mabega. Halafu ikapungua kidogo, na Papa akatazama mlima.

"Twende sasa hivi. Ikirudi tena, ile kona za juu zitakuwa sabuni."

Alivuta pikipiki kutoka barazani, akaingiza ufunguo, akapiga kiki. Ikawaka mara moja. Nikapanda. Mama wa karanga alikuwa hangarini amejifunika shitingi kichwani, hakutuona. Tukaondoka.

Tulipita mashamba ya mpunga, tukaanza kupanda. Nilikuwa na baridi na furaha ya kuwa nimesaidia. Nikaingiza mkono mfukoni nipate karanga. Nikatoa moja, nikala. Nikatoa nyingine. Mara ya tatu vidole vyangu vilishika kitu kigumu, cha mpira, chenye shimo.

Kwanza sikuelewa; kwa haraka ya mvua Papa hakuniomba kofia, nami sikumkumbusha. Nilijiuliza tu, kwa utulivu, inakwendaje bila kofia yake? Kisha nikatazama kiti. Kiti chetu kilikuwa na mpasuko ulioshonwa na Maman kwa uzi wa buluu. Kiti nilichokalia kilikuwa kizima.

"Papa."

Lori la saruji lilitupita likinguruma.

"Papa!"

"Baridi? Vaa sweta!"

Sauti yangu haikutosha. Basi nikapitisha mkono wangu chini ya kwapa lake, nikauinua mbele, nikamwekea ile kofia ya buji mbele ya kioo cha helmeti yake.

Alifunga breki hadi tukakaribia mtaro.

Alishuka. Aliizunguka pikipiki, akainama nyuma kusoma plake ya namba, akaisoma tena. Halafu akaketi kwenye nyasi zilizoloa, na suruali yake ya likizo.

"Tumeiba," akasema.

"Papa, hatukuiba, ni mvua ..."

"Tumeiba. Mimi! Mimi mwenye kuficha kofia ya buji miaka yote, nimeiba piki ya batu!"

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alisema taratibu, kama anayejisomea, kwamba mwenye pikipiki akipiga simu polisi na plake ile, watasimamisha mtu mbele huko, na mtu huyo ni motari, na nani atamwamini motari aliyeshikwa na pikipiki isiyo yake? Watamvua jileti. Nilijua maana yake. Kabla ya jileti, Papa alivunja mawe kwenye machimbo, akilala hukohuko, akija nyumbani nikiwa nimelala na kuondoka sijaamka. Jileti ndiyo iliyomrudisha nyumbani. Nilitazama ile pikipiki nzuri yenye kiti kizima, nikaiogopa kama mbwa wa watu.

"Tuirudishe, Papa. Haraka. Panda."

"Sipande. Nilipanda bila kujua. Sasa ninajua. Na petroli ni ya mwenyewe."

Huyo ndiye Papa. Aligeuza pikipiki, akazima injini, tukateremka ule mlima wote kwa uzito wetu tu, yeye mguu mmoja juu ya breki na mwingine ukigusagusa lami, magurudumu yakiimba ndani ya maji. Tulipofika tambarare ikasimama, na hangari ilikuwa bado mbali kidogo, inaonekana mwisho wa barabara. Papa akaanza kusukuma. Baada ya muda akapumua kwa nguvu, akanitazama.

"Kimbia mbele. Waambie tunakuja. Kabla hawajapiga simu."

"Mimi?"

"Sasa nani? Piki haina mudomo."

Nilikimbia na kofia ya buji mkononi, na njia nzima nilipanga maneno. Niliyapanga vizuri. Nilipofika karibu na baraza, maneno yote yalitoka kichwani kama mpunga kwenye gunia lililotoboka.

Watu walikuwa wameizunguka pikipiki moja nyekundu. Ilikuwa yetu: niliuona uzi wa buluu. Juu yake alikuwa mzee mmoja mrefu, mkulima, miguu yake ina matope ya shamba hadi magotini, anapiga kiki, anapiga tena, jasho linamtoka. Fundi wa pikipiki alikuwa amechuchumaa, ameshika ule waya mtupu kati ya vidole viwili.

"Mzee, acha kupiga. Bameiba kofia ya buji. Angalia waya, iko uchi."

"Kofia tu? Muizi gani anaacha piki anabeba kofia?"

"Muizi mwenye alikuwa na yake imeharibika!"

"Hapa kwangu hakuna kitu inaibiwaga!" Huyo alikuwa mama wa karanga, mikono kiunoni. "Miaka yote niko hapa! Labda ulitoka bila kofia kwako!"

"Wallahi nilikuja nayo! Ningekujaje? Nilikuja nimeipanda ao nilikuja nimeibeba?"

Watu walicheka. Ndipo nikaelewa, na nikasimama kama mti. Mzee yule hakujua kwamba pikipiki yake haipo. Alitoka hangarini, akakuta nyekundu imebaki, akaingiza ufunguo wake katika lile tundu letu linalokubali chochote, na sasa alikuwa anataabika na pikipiki ya Papa. Alidhani ameibiwa kipande cha mpira. Na kipande cha mpira kilikuwa mkononi mwangu.

Kijana mmoja aliyebeba gunia akaniona.

"Ee! Ile nini iko nayo mukononi, ule dada?"

Wote waligeuka.

"Ndiyo hiyo! Ni kofia!"

"Yewe! Mutoto wa kike! Na sweta yake nzuri!"

"Muizi anarudi kuangalia kama imewaka?"

Masikio yangu yaliwaka moto. Nilitaka kukimbia, na miguu ilikuwa tayari, lakini nyuma yangu barabarani Papa alikuwa anakuja na pikipiki ya mtu. Kama ningekimbia, watu hawa wangemwona yeye kabla ya kusikia neno lolote. Wangeona mtu anasukuma pikipiki iliyoibiwa, na binti yake anatoroka. Ilibidi neno langu lifike kabla yake.

Neno lenyewe sikuwa nalo. Nilichokuwa nacho ni kile nilichokisikia maelfu ya mara nikitamani kuingia chini ya tangi. Nikamwendea mama wa karanga.

"Yambo, Maman," nikasema. "Habari ya nyumba?"

Yule kijana wa gunia akafungua mdomo.

"Batoto bako muzima? Na ... na mugongo? Mupunga haikuloa?"

"Mupunga haikuloa sana," mama akajibu, kwa mshangao tu, kwa sababu mtu akisalimiwa anajibu. Kisha akanitazama vizuri. "Lakini huyu si ule mutoto wa papa wa karanga? Mwenye alikunja shitingi pamoja nasi?"

"Ndiyo mimi, Maman. Na ile piki ya huyu mzee si yake. Ni yetu."

Kelele zikapanda tena. "Ameiba kofia, sasa anataka na piki!" Lakini nilikuwa nimeshaanza, na nikagundua kwamba kuendelea ni rahisi kuliko kuanza.

"Tulichukua yake ju ya mvua. Hatukujua. Yetu haiwaki kwa sababu kofia yake ninaishikaga mimi. Ya mzee iko barabarani, Papa anaisukuma. Muangalie!"

Wakaangalia. Papa alikuwa anakuja katikati ya barabara iliyoloa, helmeti bado kichwani, ameinama juu ya usukani, anasukuma pikipiki nyekundu kama mtu anayesukuma ng'ombe mkaidi.

Mzee alimtazama. Akatazama alichokalia. Akagusa kwa kidole ule uzi wa buluu, polepole, kama anayegusa kidonda cha mtu mwingine.

"Huu uzi si wangu," akasema.

Akashuka haraka sana.

Papa alifika akihema. Alivua helmeti, akaishika mbele ya tumbo kwa mikono miwili. "Asalaam aleikum, Mzee. Pardon. Nilikuibia."

"Aleikum salaam. Na mimi nilikuwa nakuibia, lakini yako imenikatalia." Mzee akaizunguka pikipiki yake, akafungua tangi, akachungulia. "Petroli iko. Imekufa?"

"Hapana, Mzee. Inatembea vizuri sana."

"Sasa ulisukuma ju ya nini?"

"Petroli ni yako."

Mzee akampa Papa mkono, na hakuuachia upesi. Baraza lote likalipuka kwa kicheko, mama wa karanga akilia machozi na kumpiga fundi mgongoni. Fundi peke yake ndiye aliyenuna. Alikuwa ameshatoa kofia nyingine kwenye kisanduku chake.

Papa alinielekeza kwa kidevu. Nikapiga magoti kwenye matope mbele ya watu wote, nikaizungusha kofia kwenye waya wake, nikaivika juu ya buji mpaka ikalia kile kimlio chake. Papa akapiga kiki. Ikawaka. Walipiga makofi kana kwamba nimeiunda mimi. Tulipokuwa tunaondoka nilimwona mzee ameinama kwenye pikipiki yake. Alikuwa anatoa kofia ya buji. Alitazama huku na huku, hana binti pale, akampa mama wa karanga, naye akaitia kifuani.

Maman aliisikia habari ile jioni hiyo, na kesho yake watu wote wa mpakani waliisikia. Kwa muda mrefu watu wa huko walimwita Papa "muizi wa kusukuma". Hakukasirika. Jileti ilibaki yake, hakuna aliyemvua. Ile pikipiki iliendelea mpaka mwaka huu. Nilikuwa bweni ilipoondoka, na Papa hakuniambia kwenye simu. Ya umeme niliiona jana kituoni.

Jana, Papa akiwa bado dukani, nilikaa pale karibu na pikipiki yake ya kitone cha kijani, mfuko wangu mtupu. Kando yangu kulikuwa na mama wa parachichi. Nikamsogelea.

"Yambo, Maman. Habari ya nyumba?"

Nyumba ilikuwa salama, batoto pia, isipokuwa wa mwisho anakohoa. Nikamwambia piki hii ni ya Papa wangu. Nikanunua parachichi moja, nikalila palepale mbele yake, kisha nikaenda bombani kunawa mikono.

Niliporudi, Papa alikuwa amesimama na mkate kwapani, na mama wa parachichi amekamata usukani kwa mikono yote miwili.

"Acha! Hii piki iko na mwenyewe!"

"Maman, mwenyewe ni mimi."

"Mwenyewe ni ule mutoto. Amekula parachichi yangu hapa. Wewe umekula nini?"

Papa akamwonyesha simu. Mama hakuitazama hata kidogo. Papa akaniona nakuja, akainua nyusi, akangoja. Watu kadhaa walikuwa wamesimama kutazama, na wote walinigeukia.

"Ni yeye, Maman," nikasema kwa sauti. "Ni Papa wangu. Umuachie."